Mkuu wa shule ana nini mkononi?

Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali pale Igoma au Buhongwa, hapa Mwanza, hamlipi mwalimu mshahara. Hampandishi daraja, hamjengei nyumba, na nauli ya likizo ambayo mwalimu anaidai tangu mwaka juzi haitoki kwenye droo yake. Mshahara unatoka Hazina. Vyeo na nidhamu viko kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Uendeshaji wa shule uko TAMISEMI kupitia halmashauri, na mtaala pamoja na udhibiti ubora uko Wizara ya Elimu. Ukiutazama mgawanyo huo wa madaraka, mkuu anabaki na funguo na mhuri.

Sasa mtafute mwalimu aliyepita shule tatu au nne, tuseme alianzia Kwimba, akaenda Sengerema, akaishia Ilemela. Muulize ni shule ipi aliifanyia kazi kwa moyo na ipi ilimchosha. Hataanza na mshahara, kwa sababu ulikuwa uleule kote alikopita. Ataanza na mkuu. "Yule mama alikuwa mkali, lakini ulikuwa unajua leo anataka nini na kesho atataka nini." "Yule bwana bwana, ukisikia gari lake linaingia getini unachukua daftari lolote unajifanya unasahihisha."

Inakuwaje mtu asiyeshika fungu awe na uzito kiasi hicho kwenye ari ya walimu? Na je, uzito huo ni wa kweli, au ni mazoea yetu ya kumtwisha mtu mmoja lawama za mfumo mzima? Nadhani majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini ili tuyaone vizuri inabidi kwanza tutenganishe mambo ambayo watu wengi huyazungumza kwa mkupuo.

Kuridhika, kujituma, kubaki

Mwalimu anaweza kuwa ameridhika kabisa na kazi yake na bado asifundishe. Yuko kwao Ukerewe, ana shamba la mihogo, mke wake ana genge, mkuu hamsumbui. Kipindi akiingia sawa, asipoingia sawa. Mpe hojaji ya kuridhika na kazi, atajaza alama za juu mpaka mwisho. Mwingine yuko Nyamagana, anafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Kila mshahara ukitoka analalamika, anasema akipata kazi benki ataondoka kesho yake, na saa kumi jioni bado yuko maabara na watoto. Huyu hajaridhika wala hataki kubaki, ila kwa kujituma hana mwenzake pale shuleni.

Mkuu hayagusi mambo haya matatu kwa nguvu moja. Ulegevu wake unaweza kupandisha kuridhika na kuangusha kujituma. Ukali wake unaweza kujaza madarasa mwezi huu na kujaza maombi ya uhamisho mwezi ujao. Kwa hiyo mtu akisema uongozi bora huongeza motisha ya walimu, swali la kumrudishia ni motisha ipi: ya kufurahi, ya kufanya kazi au ya kutokuhama?

Mmarekani Frederick Herzberg aliliona jambo linalofanana na hili mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahasibu na wahandisi wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Alisema vitu vinavyomkera mtu kazini, kama vile mshahara mdogo, kanuni mbovu na msimamizi mbaya, ni tofauti na vitu vinavyompa moyo, yaani kufanikiwa, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu lenye uzito. Ukiondoa kero, mtu anaacha kununa. Hajapata ari bado. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na moja ya hoja nzito ni kwamba mtu akiulizwa atajisifia mafanikio mwenyewe na kuyatupia mazingira lawama za kushindwa. Mimi naongeza yangu: mhasibu wa Pittsburgh hakuwa akidai malimbikizo ya miaka mitatu. Kwa walimu wetu, walioshuhudia upandishaji vyeo ukisimama mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, kisha wakaja kusubiri kupandishwa kwa mserereko, yaani kufidiwa madaraja yaliyochelewa, kero ya daraja si jambo la kando. Inaingia nao darasani.

Tafiti zinavyosema, na zinapoteleza

Jaribio ambalo wengi huanzia nalo lilifanyika Iowa, Marekani, na taarifa yake ikatoka mwaka 1939. Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kama kumi, wakawapa kazi za mikono, ikiwemo kutengeneza vinyago vya uso, chini ya viongozi wa aina tofauti: anayeamrisha kila kitu, anayejadiliana na kikundi, na anayewaachia wafanye wapendavyo. Wale wa kiongozi wa amri walifanya kazi nyingi alipokuwepo. Alipotoka chumbani, kazi ikashuka. Wale wa kiongozi wa kujadiliana waliendelea hata alipowapa kisogo. Walioachiwa walifanya kidogo.

Watoto wa Iowa si walimu wa Misungwi, sawa. Ila jaribio lile linatupa kipimo kizuri kuliko hojaji nyingi, nacho ni kuangalia shule inavyokwenda siku mkuu ameitwa halmashauri. Vipindi vikiwa vinaingiwa kama kawaida, makamu anatoa ruhusa bila kumpigia mtu simu, na ripoti ya zamu inaandikwa, pale kuna uongozi. Siku hiyo ikigeuka sikukuu ndogo, tulichokuwa nacho ni ulinzi.

Baadaye likaja wimbi jingine. James MacGregor Burns, mwaka 1978, alitofautisha kiongozi anayebadilishana na watu wake, yaani fanya hiki upate kile, na kiongozi anayewabadilisha wao wenyewe wakaona kazi kwa macho mapya. Bernard Bass akaliendeleza wazo hilo mwaka 1985 na likapata vipimo vya kujaza kwa hojaji. Kuanzia hapo uongozi wa mageuzi ukawa wimbo wa dunia nzima. Katika vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe kikiwamo, mada ya uongozi wa wakuu wa shule na motisha ya walimu ni chaguo la kawaida kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta cha kuandikia tasnifu.

Mtindo wa tafiti hizi haubadiliki sana. Mwalimu anapewa hojaji. Sehemu ya kwanza inamuuliza mkuu wake yukoje: anawasikiliza, anawatia moyo, anawashirikisha? Sehemu ya pili inamuuliza yeye mwenyewe ana ari kiasi gani. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, inatoka namba ya uhusiano, tuseme 0.5, na hitimisho linasomeka kwamba uongozi wa mageuzi una uhusiano chanya na wa maana na motisha ya walimu.

Hapo pana mambo mawili ambayo msomaji asiye mtakwimu hupitwa nayo. La kwanza ni ukubwa wa namba yenyewe. Uhusiano wa 0.5 unasikika kama nusu, lakini ili kujua ni sehemu gani ya tofauti za ari inaendana na tofauti za uongozi, namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe. Nusu mara nusu ni robo. Robo tatu inayobaki inaendana na mengine: mshahara, umbali wa nyumba, ukubwa wa darasa, umri, ndoa, afya, na bahati.

La pili ni zito zaidi. Mtu yuleyule, mchana uleule, ndiye anayempima mkuu na kujipima mwenyewe. Mwalimu aliyeamka vizuri atampendelea mkuu na atajipa alama nzuri. Aliyegombana na mwenye nyumba atawakasirikia wote wawili. Namba itapanda hata kama mkuu hakufanya lolote. Tena mshale unaweza kuelekea upande wa pili. Mkuu aliyekuta walimu wenye moyo atajadiliana nao, maana anawaamini. Aliyekuta walimu watoro ataanza na daftari la mahudhurio na kuandika barua za kutaka maelezo. Mtafiti akifika baada ya miaka miwili atakuta ushirikishwaji unaenda na ari na amri inaenda na uvivu, aandike kwamba amri imeleta uvivu. Pengine uvivu ndio uliotangulia. Na sijataja shule ambako hojaji zilipitia kwa mkuu mwenyewe na kukusanywa mezani kwake. Nani atamwandika vibaya?

Sisemi tafiti hizo zitupwe. Nasema zisomwe kwa kiasi chake, na ziwekwe kando ya ushahidi wa aina nyingine. Upo wa aina mbili ninaouamini zaidi.

Kwanza, uchunguzi wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014, uliofanywa kwa kuzitembelea shule bila taarifa. Walimu waliokosekana shuleni kabisa walikuwa takriban mmoja kati ya saba. Ambao hawakuwa darasani wakati wa kipindi chao walikaribia nusu. Hesabu hizo mbili zina kundi kubwa katikati: walimu waliofika shuleni, wakasaini, na hawakuingia kufundisha. Wapo waliokuwa na sababu. Kuna shule za mjini ambako vyumba ni vichache kuliko walimu, na kuna madaftari ya kusahihisha ya watoto mia na zaidi. Lakini mwalimu ambaye ameshavuka geti hakushindwa na nauli wala umbali wa nyumba. Kilichomzuia kiko ndani ya uzio wa shule, na ndani ya uzio wa shule ndiko mkuu aliko na nguvu kuliko waziri.

Pili, jaribio la KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 na kuchambuliwa na wachumi wakiongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan. Shule 350 ziligawanywa kwa kura: nyingine zilipata ruzuku ya ziada, nyingine walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu jaribio, nyingine zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilionyesha dalili za kusaidia. Vyote kwa pamoja vilipandisha alama waziwazi, kuliko ukijumlisha mchango wa kimoja kimoja. Ilikuwa kura, kwa hiyo hapa huwezi kusema shule nzuri zilijichagua. Ninachokiokota hapo ni kwamba vifaa bila moyo vinakaa stoo, na moyo bila vifaa unakwenda mwendo mfupi. Anayevikutanisha kila siku, chaki na mwalimu, kitabu na kipindi, ni mkuu.

Ratiba, barua, ruhusa, ruzuku

Turudi basi kwenye kile mkuu alichonacho. Ni vitu vidogo, na ndiyo maana havionekani kwenye muundo wa wizara.

Ratiba ndiyo ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Katika sekondari nyingi walimu wa sayansi na hisabati ni wachache na wa sanaa wanazidi. Mwalimu wa hisabati anajikuta na vipindi thelathini kwa wiki, mwenzake wa somo lenye walimu watano ana kumi, na mshahara wao ni daraja moja. Mkuu hawezi kuajiri. Anachoweza ni kuamua nani atabeba zamu, usimamizi wa bweni, ukatibu wa vikao na safari za michezo, ili aliyebeba mzigo wa darasa asibebeshwe na huo mwingine. Mama anayenyonyesha, ambaye sheria ya ajira inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto, anaweza kupangiwa vipindi visivyogonga saa hizo, au anaweza kuachwa akimbizane na bodaboda kila mchana. Ratiba mbili zenye vipindi sawa, walimu walewale, na ari tofauti kabisa. Mara nyingi aliyeipanga ni mwalimu wa taaluma, lakini walimu wanajua nani aliyeweka saini.

Kinachofuata ni namna ya kukosoa. Katika shule nyingi mwalimu aliyekosa kipindi hukutana na barua kabla hajakutana na mtu: "Unatakiwa kujieleza ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu." Barua hiyo ni halali na ina mahali pake. Ikitumika kwa kila kosa, walimu hujifunza sanaa ya kuandika majibu, na hiyo haifundishi mtoto chochote. Angalia tofauti hii. Mwalimu anaingia ofisini: "Mkuu, shikamoo. Naomba ruhusa, mama amelazwa Bugando." Mkuu wa kwanza anasema, "Andika barua, pitisha kwa makamu, nitaiona." Mkuu wa pili anasema, "Pole sana mwalimu. Nenda. Vipindi vyako vya leo nani atavishika? Barua utaileta kesho." Wote wawili wamefuata taratibu, kumbukumbu ya maandishi itakuwepo kwenye faili. Yule wa pili hakulegeza kitu, maana ameuliza habari ya vipindi hapohapo. Lakini muhula mzima utakaofuata, akihitaji mtu wa kushika darasa la Jumamosi, atampata.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia waliofanya kazi pamoja Chuo Kikuu cha Rochester, wana maelezo ya kwa nini jambo dogo kama hilo linagusa ari. Wanasema mtu hujisukuma mwenyewe pale anapohisi ana uamuzi juu ya kazi yake, anaiweza, na yuko kati ya watu wanaomjali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji bajeti. Vyote vitatu huvunjwa kwa urahisi na msimamizi mwenye haraka.

Fedha nazo zipo, hata kama ni kidogo. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, serikali hutenga ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari na 10,000 kwa wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya hizo ni za vitabu. Michango mingi ya wazazi ilikatazwa, na katika shule kadhaa chai ya walimu ya saa nne ikaenda nayo. Usiicheke chai. Shuleni, saa nne ndiyo saa ambayo walimu hukaa meza moja, wakajua nani ana tatizo na kidato cha pili B. Sasa mkuu analazimika kusema hakuna. Anayesema hakuna huku taarifa ya mapato na matumizi iko kwenye ubao wa matangazo husikika tofauti na anayesema hakuna huku mlango umefungwa. Walimu huvumilia umaskini wa shule. Wasichokivumilia ni kushuku kwamba shule ni maskini kwao tu.

Halafu kuna semina, usahihishaji na usimamizi wa mitihani, vyote vyenye posho, na majina ambayo mkuu huulizwa apendekeze. Hili ndilo eneo linalozalisha "watu wa mkuu". Mkuu mwenye busara huweka zamu inayojulikana, kisha anaiheshimu hata inapomwangukia mtu asiyempenda. Ni jambo jepesi kulisema na gumu kulifanya, na nimeona vikao vya walimu vikifa kwa sababu ya jina moja lililorudiwa mara tatu.

Karibuni limeongezeka jingine: PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS. Mwalimu anaingiza majukumu yake, msimamizi anayapitia na kuyapa alama, na serikali imeufungamanisha na upandishaji vyeo. Hapo mkuu ana kidole kwenye daraja la mwalimu. Wapo wanaoukalia mfumo huo kwa uzito, wakazungumza na mwalimu kuhusu malengo kabla ya kubofya. Wapo wanaobofya usiku wa siku ya mwisho, shule nzima ndani ya saa moja, mtandao ukiruhusu. Hao wa pili wamefanya kipimo cha kazi kiwe kazi ya ziada.

Lakini kitu chenye ushahidi mzito kuliko vyote hivi hakihusu ofisi. Mwaka 2008, Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland na wenzake walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali kuhusu viongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi. Uongozi unaojishughulisha na ufundishaji wenyewe ulionekana kuwa na athari mara tatu hadi nne ya ule wa mageuzi wa kutia hamasa. Na katika vipengele vyote, kilichoongoza ni mkuu kushiriki yeye mwenyewe, kama mwanafunzi mwenzao, katika mafunzo ya walimu wake. Wanaojua kilimo cha bugobogobo Usukumani hawatashangaa: ngoma ile inapigwa shambani, katikati ya majembe, na inasogea yanaposogea.

Sisi tunayo nafasi ya kufanya hivyo. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, imejengwa juu ya vikundi vya walimu kujifunza pamoja shuleni kwao. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umewafanya hata walimu wa miaka ishirini kuwa wageni kwenye baadhi ya mambo. Mkuu anayekaa kwenye kikao cha MEWAKA na daftari, akakiri mbele ya walimu kwamba mada fulani hajaielewa, akaonyesha somo na kukosolewa, anafanya jambo ambalo hotuba kumi za asubuhi mstarini hazitalifikia. Anayefungua kikao, akasema "endeleeni walimu", akatoka kupokea simu, ameshawaambia kikao kile kina thamani gani.

Kisiwani si Nyamagana

Haya yote hubadilika uzito kulingana na mahali. Mjini Mwanza, mwalimu ana maisha nje ya shule: kanisa au msikiti, ndugu, duka dogo Mabatini, masomo ya jioni. Mkuu mbaya anamharibia saa tisa za siku. Zilizobaki ni zake. Ukienda visiwa vya Ukara au Irugwa, wilayani Ukerewe, mkuu anakuwa kila kitu. Mwalimu mpya aliyezaliwa Kilimanjaro au Mtwara anashuka kwenye boti na begi moja, posho ya kujikimu haijaingia, hajui nani anapangisha. Mkuu aliyemtafutia chumba wiki moja kabla, akamtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mama ntilie wa kuaminika, amefanya zaidi ya nusu ya kazi ya kumbakisha. Hakuna hojaji yenye kipengele hicho.

Visiwani pia ndiko kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya bara zinakotoa kichekesho. Ruhusa ya siku moja kwenda Nansio, makao makuu ya wilaya, kufuatilia madai haina maana pale ambapo boti ya kurudi inategemea ziwa limeamkaje. Mkuu anayehesabu siku ya pili kama utoro yuko sahihi kwenye karatasi na amempoteza mwalimu. Hata bara ilikuwa hivyo: kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, mwalimu aliyevuka kwenda upande wa Sengerema alikuwa na sababu ya kuchelewa ambayo hakuna awezaye kuikanusha, na sasa hana. Nasikia wapo wanaoikumbuka foleni ya kivuko kwa mapenzi.

Mkuu wa kisiwani ana shida nyingine: mwenyewe hayupo mara nyingi. Kikao cha wakuu Nansio kinamla siku mbili au tatu. Kwa hiyo huko, kuliko mjini, kila kitu kinategemea makamu na walimu wa taaluma na nidhamu waliopewa mamlaka ya kweli. Mkuu anayeondoka na funguo za stoo ya vitabu mfukoni amefunga shule bila kutangaza.

Mkuu naye

Ni rahisi kumaliza hapa tukiwa tumewapangia wakuu orodha ya wema. Haitakuwa haki. Mkuu analipwa posho ya madaraka, iliyowekwa kuwa shilingi 250,000 kwa mwezi kwa sekondari na 200,000 kwa mwalimu mkuu wa msingi, na kwa fedha hiyo anabeba matokeo ya mtihani, ujenzi wa matundu ya vyoo, wageni wa ghafla, wazazi, kesi za mimba na mahudhurio. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa mwaka 2023, lakini vikao vya wilaya havijaacha kulinganisha. Mkuu anayesomewa asilimia zake mbele ya wenzake Ijumaa atawasomea walimu wake Jumatatu, kwa sauti ileile. Hasira hushuka ngazi haraka kuliko waraka.

Anaweza pia kuvuliwa madaraka kwa matokeo ya mwaka mmoja, jambo linalomfundisha kuogopa kuliko kujaribu. Na wengi waliteuliwa kwa sababu walikuwa walimu hodari wa darasani, au wenye nidhamu, au waliokuwepo nafasi ilipofunguka. Mafunzo ya uongozi, yanayotolewa na ADEM, wakala wa serikali wa uongozi wa elimu, yenye makao yake Bagamoyo na kampasi hapa Mwanza, kwa wengi huja baada ya uteuzi, wakiwa wameshazoea njia zao. Kutaka mtu awashirikishe walimu wakati yeye mwenyewe hupokea maagizo ya WhatsApp saa nne usiku yakitaka takwimu kabla ya saa mbili asubuhi ni kumdai kitu ambacho hakuwahi kupewa.

Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kuendelea kutafuta mtindo mmoja bora wa uongozi. Ningependa kuona halmashauri zikirekebisha kitu kidogo wakati wa makabidhiano ya ofisi, ambayo hutokea kila mara wakuu wanapohamishwa. Taarifa ya makabidhiano inataja madawati, vitabu, funguo, mihuri, salio la benki, kesi za ardhi. Iongezewe kurasa mbili au tatu kuhusu watu: kila mwalimu anadai nini na barua yake imekwama ofisi gani, nani ana vipindi vingapi, nani alikwenda semina mara ya mwisho na zamu inayofuata ni ya nani, nani ameomba kwenda kusoma na alijibiwaje, ruhusa zipi za ugonjwa bado zinaendelea. Mkuu mpya aisaini mbele ya makamu na mwakilishi wa walimu, kama anavyosaini hesabu ya madawati, na Afisa Elimu Kata aje kuiuliza baada ya miezi mitatu.